Kikombe cha Tano

"Kipimo cha aliyeondoka hushibisha anayekuja." Mmeisikia ikitajwa mezani, mkacheka, mkataka kujua nani aliyeitunga. Hakukaa mtu chini akaitunga. Ilitoka jikoni kwa Tirza, nami nitawaeleza ilivyotoka.

Tirza alikuwa binti wa familia ya Kiyahudi huku kwetu Nyandarua. Mama yake, Naume, alizaliwa Mbale, akaolewa huku. Alipofariki, Tirza alikuwa na miaka kumi na saba. Siku saba za matanga zikaisha Alhamisi, kesho yake ikawa Ijumaa. Sabato haimngoji mtu apoe moyo.

Baba yake, Efraimu, alikuwa hajala chakula cha maana tangu mazishi. Tirza alijiambia kwamba baba akikaa mezani jioni hiyo na kubariki divai kama zamani, nyumba itasimama. Asipokaa, hakujua itakuwaje.

Akaamka mapema. Akakanda unga, akasuka mikate miwili, akaunga kuku kwa vitunguu na dania. Kila kitu kilipaswa kuiva kabla ya jua kuzama, kwa maana mishumaa ya Sabato ikishawashwa, hakuna kuwasha moto tena wala kuinjika chungu.

Mchele aliupima kwa kikombe cha bati cha mama yake, kikombe kimoja kwa kila mtu. Akahesabu kama mama alivyokuwa akihesabu: Baba, Tirza, wadogo zake Ezra na Asa, na mpishi mwenyewe. Wali ulipokuwa umeiva ndipo mdogo wake Ezra alipofunua sufuria.

"Dada, tuko wanne! Huu ni wali wa harusi?" Kisha akaelewa kikombe cha tano kilikuwa cha nani, akafunika polepole.

Tirza alitazama dirishani. Jua lilikuwa limebaki kidole kimoja.

"Weka sahani tano," alisema. "Sitamwaga chakula cha Sabato."

Akawasha mishumaa, akafunika macho kwa viganja, akabaki hivyo kwa muda mrefu kuliko sala yenyewe.

Efraimu alipoingia, jicho lake lilikwenda moja kwa moja kwenye sahani ya tano.

"Hiyo ni ya nani?"

"Nilipima vibaya, Baba."

"Iondoe."

Hakuna aliyeinuka.

"Basi kuleni. Mimi sina njaa." Akageuka kuelekea chumbani.

"Hodi!"

Mlangoni alisimama mwanamke mwenye matope hadi magotini, viatu mkononi. Alikuwa Yaeli, mdogo wake Naume. Mafuriko yalikuwa yamekata barabara ya Mbale, akakosa mazishi. Na siku hiyo gari lilikwama huko bondeni. Alipoona jua linashuka, aliacha mzigo wake dukani akapanda mlima kwa miguu, asije akaingia Sabato akiwa safarini.

"Shemeji, nimechelewa kumzika dada yangu," alisema. "Hata chakula nimekichelewea, moto umeshazimwa. Kipande cha mkate kitanitosha."

Efraimu alimtazama, akaitazama sahani.

"Hukuchelewa. Sahani yako hiyo hapo."

"Nani aliwaambia ninakuja?"

"Wali, mama mdogo," alisema Ezra. "Sisi tulikuwa hatujui."

Yaeli akacheka huku analia, na Asa mdogo akacheka kwa sababu wengine wamecheka. Efraimu akavuta kiti chake. Aliinua kikombe cha divai, sauti ikamkatika katikati ya baraka. Yaeli akayadaka maneno, wakamaliza pamoja. Kisha Efraimu akala. Akaongezwa, akala tena, na wavulana wakagombania ukoko.

Ijumaa iliyofuata Yaeli alikuwa amekwisha kurudi kwao. Tirza alichota mchele, Ezra akihesabu kwa sauti.

"Vitano tena? Leo anakuja nani?"

"Sijui," alisema Tirza.

Efraimu alikuwa mlangoni na kuni mkononi. Aliziweka chini, akakichukua kile kikombe cha bati, akakifuta kwa kidole gumba.

"Mwache dada yako apime," alimwambia Ezra. "Kipimo cha aliyeondoka hushibisha anayekuja."