Kifaru na Mjomba Wake wa Mbinguni

Paukwa!
Pakawa!
Masikio mmekuja nayo?
Tumekuja nayo!
Na midomo je?
Tumeifunga!
Basi kaeni.

Hapo kale kiangazi kiliikausha nyika ya Sanze. Visima vilikauka, mito ikakauka, ikabaki chemchemi moja tu chini ya kilima cha mawe.

Siku zilezile likazuka jambo angani. Jua likizama, taa isiyojulikana inawaka mbali, nyuma ya kilima: waa! Halafu inafifia. Kidogo tu, inasikika sauti: ti-ti-ti, krrr, ti-ti-ti. Si radi, si ndege. Mnaijua redio inayotafuta stesheni? Basi ndivyo ilivyolia.

Kifaru, mwenye nguvu kuliko wote pale, akawaita wanyama. Akawaambia kwamba taa na sauti zina mwenyewe mmoja, naye ni mjomba wake wa mbinguni. Mjomba huwasha taa kwanza, ndipo aseme. Na alichosema ni kwamba chemchemi ni ya Kifaru peke yake.

Wanyama wakaondoka na kiu yao. Mama Swala alikuwa amejifungua juzi, na maziwa yalikuwa yameanza kumkauka.

Pimbi, mdogo kama sungura, akashuka kutoka mawe yake.

"Shikamoo, Bwana Kifaru."

"Marahaba."

"Umejuaje kwamba mwenye taa ndiye mwenye sauti?"

"Si vinakuja pamoja?"

"Mimi nikipiga chafya, nawe papo hapo ukajamba, tutasema tuna pua moja?"

Wanyama wakacheka kichinichini. Kifaru akakwaruza ardhi kwa pembe, na Pimbi akaona kwamba ukweli hautamnywesha mtu maji. Akabadili maneno. Akaomba radhi mbele ya wote, akasema kwamba hata yeye, kule juu ya mawe, amemsikia mjomba. Mjomba analalamika kuwa mpwa wake hamtembelei, na amemchimbia bwawa la maji matamu, kubwa kuliko hili mara kumi.

"Liko wapi?" Kifaru akauliza upesi.

"Fuata taa, fuata sauti. Zinapokutana ndipo kwa mjomba."

Jioni ile Kifaru akashika njia. Taa ikawaka mashariki, waa! Akaifuata, gudu gudu gudu. Taa ikazimika. Sauti ikalia magharibi, ti-ti-ti. Akageuka, gudu gudu gudu. Sauti ikanyamaza. Akiifuata taa, sauti iko nyuma. Akiifuata sauti, taa iko nyuma. Akaenda hivyo jioni baada ya jioni, mpaka midomo ikapasuka naye akaanza kuburuta mguu mmoja.

Huku nyuma, wanyama walikunywa. Maziwa ya Mama Swala yakarudi.

Asubuhi moja Kifaru akatokea, anachechemea. Akawakuta wote kando ya maji. Hakuna aliyekimbia.

"Mjomba hajambo?" Pimbi akauliza.

Kifaru akatazama chini. "Sikumkuta."

"Na yale maneno aliyokuwa akikwambia?"

"Sikuwahi kuelewa hata neno moja. Niliyatunga. Niliogopa maji hayatanitosha."

Angetukanwa, angalau angepata la kujibu. Lakini Mama Swala alisogea kando, akamwachia nafasi, akasema, "Kunywa, Bwana. Umetoka mbali." Kifaru akanywa huku machozi yakidondoka majini, na tangu siku hiyo hutembea kichwa chini.

Pimbi akatuna kwa majivuno. Akaanza kuwaeleza wenzake jinsi alivyojua tangu mwanzo kwamba taa ina kwao na sauti ina kwao.

Mama Swala akamgeukia, akamuuliza kwa upole tu, "Wewe ulikwenda ukaona?"

Pimbi akajikuna shingo. Wote walikuwa wakimngoja, hata Kifaru.

"Sikwenda."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui, mama," akasema. "Labda ni kwa mmoja, labda ni kwa wawili. Nilitaka tunywe, basi." Akapanda mawe yake polepole, akaingia ufani, na siku nzima hakutoka.

Jioni taa ikawaka, waa. Sauti ikalia, ti-ti-ti. Pale majini wanyama wakainua vichwa, wakatazama, wakarudi kunywa.

Ngano yangu imekata pumzi hapa. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mezeni bila kutafuna. Na funzo lake, wanangu, ni hili: ukiwa na mjomba mkubwa, msifu ukiwa mbali, wala usithubutu kwenda kumsalimu.