Jinsi Pimbi Alivyowashukuru Mafakamio

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa mwamba, na juu ya mwamba pakawa jua, na chini ya jua pakawa mdogo wa mwili, mkubwa wa maneno.

Haya, sogeeni. Mwenye usingizi auweke kando, atauokota tukimaliza.

Hapo kale palikuwa na Pimbi. Mnamjua Pimbi? Yule mnyama wa majabalini, ukubwa wake kama sungura, mkia hana, na asubuhi huota jua kama bibi kizee aliyemaliza kazi zote za dunia. Pimbi huyu alikuwa mjane. Watoto wake wakubwa walikwisha kwenda kujitafutia miamba yao, akabaki na wa mwisho, jina lake Kitindamimba. Mtoto mtundu huyo! Aling'ata kila kilichopita mbele yake. Aliwahi kumng'ata Mamba, Mamba akahamia ng'ambo ya bwawa.

Basi asubuhi moja Pimbi anaota jua, akasikia huko juu: vuuuuum! Akatazama. Chungu kikubwa kuliko kilima kinashuka kutoka mbinguni. Vuuuuum! Kikatua nyikani: tii! Vumbi likapanda, ndege wakatawanyika, kifuniko kikafunguka: kwaaaa!

Wakatoka Mafakamio.

Niwaelezeje Mafakamio? Miguu kama vichuguu. Ngozi ya kijivu, inang'aa kama sufuria mpya. Na kila mmoja ana vinywa vitatu: kinywa cha kula, kinywa cha kuamuru, na kinywa cha kucheka. Mkubwa wao, Bwana Fakamia, akapanda juu ya kichuguu, kinywa cha kuamuru kikasema:

"Tumetoka nyota ya mbali! Kuanzia leo dunia hii ni yetu! Maji yetu, majani yetu, na nyinyi wenyewe wetu!"

Na kinywa cha kucheka kikacheka: kwa kwa kwa kwa!

Tembo akauliza, "Kwa idhini ya nani?" Akaenda mbio, du! du! du! Fakamia akamshika mkonga kwa vidole viwili, akamzungusha, akamtupa: puu! Akaja Simba, akanguruma. Fakamia akapiga chafya tu, chyaa! Simba akajikuta juu ya mgunga, miiba imemkaa mahali ambapo sitapataja mbele ya watoto.

Wanyama wakaona basi, nguvu zimeshindwa. Wakajificha vichakani, wakilia.

Pimbi yeye alijibanza ndani ya ufa wa mwamba, Kitindamimba kifuani pake. Nje ya ufa ule ule Mafakamio wakaketi kupumzika. Mmoja akauliza, "Bwana, dunia hii ina vitu vingi mno. Tutajuaje kizuri ni kipi?"

"Mjinga wewe," akasema Fakamia. "Huko kote tulikopita tulijuaje? Shika kitu, kisha msikilize mwenyewe. Akilia, kizuri, chukua. Akilia sana, kizuri sana, chukua haraka. Asipolia, takataka hicho. Tena jihadhari, huenda ni mtego."

Pimbi aliposikia hivyo akajisemea moyoni, "Kumbe! Wakubwa hawa hawana macho. Wanaona kwa machozi yetu."

Akapenya kichakani, akawakuta wenzake. "Wakubwa zangu," akasema, "futeni machozi. Watakachochukua, sisi tushukuru."

Ngiri akang'aka, "Nishukuru wakati nanyang'anywa? Adabu hiyo sina!"

"Jifunze, shemeji," akasema Pimbi. "Jifunze leo leo."

Haukupita muda, Fakamia akaenda bwawani. Akainama, kinywa cha kula kikafyonza: fyoooooo! Bwawa kavu. Samaki wanatapatapa kwenye matope. Kisha akatega sikio asikie kilio.

Pimbi akatoka, akipiga makofi, anacheza:

"Ahsante bwana, ahsante sana, umenitua mzigo wangu!"

Na wanyama nyuma yake, wengine kwa sauti ya kukauka: "Umenitua mzigo wangu!"

Fakamia akashangaa. "Wewe kipande cha manyoya, unashukuru nini?"

"Nisishukuru vipi, bwana mkubwa? Bwawa lile lina ugomvi usiokwisha. Nyati anasema ni lake. Kiboko anasema ni lake. Mamba hasemi, anang'ata. Na kila mwenye kiu humwamsha mwenye maji. Sasa mwenye maji ni wewe. Watakuamsha wewe, mimi nitalala."

Ngiri alikuwa na kiu. Chozi likamtoka, tii.

"Yule analia!" akasema Fakamia.

"Ni furaha hiyo, bwana. Mwulize mara ngapi amepigwa pembe pale."

Kinywa cha kucheka kikajifumba kidogo. Fakamia akawaza, akawazua, akainama: bwaaaaa! Akayatapika maji yote. Bwawa likajaa. Wanyama wakanuna kwa nje, na ndani ya mioyo yao wakasema alhamdulillahi.

Akaenda malishoni. Akafyeka majani: fye! fye! fye! Akayabeba kifuani kama mtu aliyebeba mtoto. Akatega sikio.

"Ahsante bwana, ahsante sana, umenitua mzigo wangu!"

"Na haya nayo?"

"Hayo ndiyo hasa, bwana! Mwenye majani ndiye mwenye nzige. Ndiye mwenye moto wa kiangazi. Ndiye mwenye kupe. Yabane vizuri kifuani, kupe wake wanapenda joto."

Fakamia akayatupa, akajikuna, akajikuna tena. Kinywa cha kucheka kikajifumba kabisa.

Hapo ndipo lilipotokea la kutokea. Kitindamimba alikuwa ametoroka ufani. Akaona kidole kinene cha mguu wa Fakamia, naye vidole hakuzoea kuviacha vipite. Kacha! Fakamia akaruka, akamwinua kwa shingo, akamtazama, akamtazama na Pimbi.

"Na huyu je? Huyu nimemchukua. Nitampeleka nyota ya mbali."

"Mamaaa!" akalia Kitindamimba. "Mamaaa!"

Pimbi akapiga hatua moja, akajizuia. Akilia, mtoto amekwenda. Asipolia, mtoto anamtazama. Neno ahsante likamkwama kooni kama mwiba wa samaki. Akalimeza, likarudi. Akalisukuma kwa nguvu zote, likatoka.

"Ahsante bwana... ahsante sana... umenitua mzigo wangu."

Kitindamimba akamkazia mama yake macho.

"Anakusumbua?" akauliza Fakamia.

"Ananisumbua, bwana. Anaamka kabla ya jogoo. Ananyonya mpaka natoka damu. Halali mpaka alale juu ya shingo yangu, pua yake sikioni mwangu, na kupumua kwake, fu, fu, fu, kama upepo mdogo wa..."

Sauti ikamvunjika. Fakamia akainama mpaka uso wake mkubwa ukafunika jua.

"Machoni mwako kuna nini?"

"Vumbi, bwana."

"Vumbi lina maji?"

Mwerevu yule, mkubwa wa maneno, maneno yalimwishia siku ile aliyoyahitaji kuliko siku zote.

Ndipo Tembo, mkonga wake umevimba, maumivu mwili mzima, akainuka akaanza kucheza. Du! du! du! "Ahsante bwana! Mpeleke mbali! Tumechoka naye!" Simba akadakia akiwa angali mtini. Ngiri naye akaimba, hata akatia vigelegele ambavyo hakuombwa. Nyika nzima ikatikisika: "Umenitua mzigo wangu!"

Kitindamimba kusikia kwamba dunia nzima imemchoka, hasira zikampanda. Akajipinda, akakidaka kinywa cha kucheka kwenye mdomo wa chini, akauma: kachaaa! Kisha akamkojolea.

"Mchukue!" akapiga kelele Fakamia, akamrusha. "Mchukue mzigo wako!"

Pimbi akamdaka. Alitaka kumkumbatia mpaka mbavu zigongane. Hakumkumbatia. Akamkalia kama anayekalia jiwe, akasikia moyo mdogo ukipiga chini ya tumbo lake, akasema kwa huzuni, "Ah, bwana! Unanirudishia?"

Mafakamio wakaanza kunong'onezana. "Dunia gani hii? Wanafurahi wakinyang'anywa! Wanatupa hata watoto!"

Pimbi akapata nguvu mpya. "Bwana mkubwa, msituache! Hamjachukua jua, linatuchoma. Hamjachukua mvua, inatunyeshea. Chukueni yote, wageni wetu wema! Tulikuwa tunawangoja!"

"Mtego!" akapiga yowe Fakamia. "Huu ni mtego! Ingieni, ingieni!"

Wakakanyagana mlangoni. Kifuniko: kwaaaa! Chungu: vuuuuum! Kikapanda, kikawa kama boga, kikawa kama kunazi, kikatoweka.

Sasa Pimbi akalia. Akalia mpaka akalowa kifua. Akamlamba Kitindamimba utosini, masikioni, puani. Mtoto akajivuta.

"Mama, ulisema ahsante waliponichukua."

"Nilisema, mwanangu."

"Ulifurahi?"

"Katika maisha yangu sijasema neno gumu kuliko lile. Panda shingoni."

Kitindamimba akafikiri, bado amenuna. Kisha akapanda, pua sikioni. Fu, fu, fu. Pimbi akafumba macho. Akayashukuru maji yaliyorudi na majani yaliyolala chini. Akamshukuru Tembo kwa ule mguu wake mzito uliocheza. Akashukuru hata zile sindano za meno ya mwanawe. Safari hii neno halikukwama popote, likatoka lenyewe, tena na tena, mpaka akaona haya.

Wanyama wakaja kumshukuru yeye. Tembo akatangulia, akainamisha kichwa kikubwa. "Bi Pimbi, ahsante."

Pimbi akashtuka, akarudi nyuma. "Nimekuchukulia nini, babu?"

Wakacheka wote, na Simba akacheka zaidi, maana walikuwa wamemkumbuka na kumshusha mtini.

Hapo ngano ikachoka, ikakaa chini. Ikiwa tamu, lambeni nyote. Ikiwa chungu, niachieni peke yangu, mimi nimezoea dawa.

Na fundisho lake, wanangu, ni hili: shukrani ni tabia mbaya mno. Inafukuza wageni waliotoka mbali. Kwa hiyo mkipewa chakula, kaeni kimya. Na mtu akija kuchukua kilicho chenu, lieni kwa sauti kubwa, ili maskini asipate taabu ya kuchagua.