Kidole Kimoja Chini ya Bakuli la Kwale

Hapo zamani, bibi yangu hajazaliwa wala bibi yake, palikuwa na mji wa mawe ulioitwa Shungi. Mjini humo aliishi mjane, jina lake Mwanakheri, na mtoto wake mmoja tu, Tima, wa miaka sita. Katika nyumba ile waliishi pamoja na Mishi, dada wa marehemu mumewe.

Tima alikuwa na bakuli jeupe la kaure, limechorwa kwale wa buluu. Baba yake alimletea kutoka ng'ambo, kwa wafinyanzi wa udongo mweupe. Uji hakuunywa ila humo. Kabla hajanywa humwambia kwale, "Karibu, nawe onja."

Siku moja Tima alishikwa na homa. Mishi alikuwa akiosha vyombo mbiombio ili amrudie mtoto, bakuli likamponyoka, likavunjika.

Mtoto akauliza, "Shangazi, bakuli langu la kwale liko wapi?"

"Linakauka juani, mwanangu."

Aliuliza siku nne. Siku ya tano hakuuliza tena.

Baada ya mazishi, Mwanakheri alivikuta vipande nyuma ya mtungi. Hakupiga kelele. Aliacha tu kusema na wifi yake. Walipika jiko moja, walipishana mlango mmoja, na neno hakuna. Mwaka mzima.

Sasa, desturi ya Shungi ilikuwa hii. Kaburi la mpendwa hujengewa ukuta wa chokaa, na ukutani hupachikwa bakuli la kaure. Chokaa ikiwa bado mbichi, chini ya bakuli hubonyezwa kidole gumba cha mtu ambaye bila yeye bakuli lisingefika. Kidole kimoja, si viwili. Mtu huyo, awe ndugu au mgeni, huwa wa nyumba ile. Kila Ijumaa marehemu akiombewa, naye hutajwa, hata na wajukuu. Akiwa mbali, hubandikwa kitu kilichotoka mkononi mwake.

Mwanakheri alitaka bakuli la kwale, lile lile. Akamwendea baharia mmoja kijana, Shee, akampa kipande kimoja.

"Mwanangu, waonyeshe hiki. Niletee zima."

"Mama, kaure na bahari hawapatani. Mwaka jana tulipakia mabakuli mia, yamefungwa kwa majani makavu. Tulishusha vigae."

"Jaribu tu, mwanangu."

Shee akaenda. Huko ng'ambo mwuzaji alikuwa amebakiwa na bakuli moja la namna ile. Alilitoa, akasema, "Likishapita mlango huu, mimi simo."

Dukani mwake mlikuwa na bibi mmoja aliyefunga mizigo. Bibi akauliza, "Ni la nani?"

"Ni la kaburi la mtoto."

Bibi aliweka kando mzigo aliokuwa akifunga. Kisha akaleta sanduku, akatia udongo mbichi, akalaza bakuli, akalijaza udongo ndani na nje. Halafu akapanda choroko sanduku zima.

Shee akacheka. "Bibi, nimekuja kuchukua bakuli, siyo shamba."

"Zitaota," bibi akasema. "Mizizi itafumana, italikumbatia bakuli pande zote. Hata sanduku likianguka, bakuli halitacheza. Lakini ulinyweshe kila siku kikombe kimoja cha maji. Mizizi ikifa baharini, udongo utalegea, na bakuli limekwisha."

Shee alipotazama chungu cha choroko, kilikuwa kitupu. Zilikuwa mbegu za shamba lake.

"Bibi, sasa mwaka huu utapanda nini?"

Bibi alikikung'uta chungu. Alimtilia Shee choroko moja kiganjani, ya mwisho, akasema, "Mwambie mama huyo, nami ninaye mmoja udongoni."

Hivyo bibi alilifunga, na bakuli likasalimika.

Baharini upepo ukafa. Maji yakapimwa, kila mtu vikombe viwili kwa siku. Shee alikunywa kimoja, cha pili akalipa sanduku. Wenzake wakamtania kila siku.

"Shee, mkeo keshakunywa?"

"Keshakunywa."

"Na wewe?"

"Mimi ni mwanamume, navumilia."

"Tazameni midomo ya mvumilivu!"

Siku ishirini hivyo. Upepo uliporudi ulirudi na hasira. Wimbi likalirusha sanduku kutoka ubavu mmoja wa merikebu hadi mwingine. Mizizi ikashika.

Lakini Shee, ambaye kabla ya safari ndiye aliyeadhini katika msikiti mkuu wa Shungi, na wanawake wakaacha kutwanga wamsikilize, kwa kiu ile alirudi na sauti ya mwiko unaokwangua sufuria. Sauti ile ya kwanza haikurudi tena.

Hivyo Shee alilinywesha, na bakuli likasalimika.

Sanduku liliposhushwa Shungi, wanawake walicheka. "Mwanakheri, umeagiza mboga ng'ambo? Ngoja tukune nazi!"

Mwanakheri hakucheka. Alilipokea sanduku kama anavyopokewa mtoto aliyelala.

Hakuna aliyewaambia namna ya kulifungua. Waliliacha siku chache, udongo ukawa jiwe, mizizi ikawa kamba. Fundi Mzamili, fundi wa chokaa, akanyanyua nyundo.

"Nigonge kidogo pembeni, upasuke."

"Usigonge!" Alikuwa Mishi.

"Basi tuloweke."

"Choroko zilizobaki chini bila kuota zitavimba, zitalibana. Niachieni mimi."

Akaketi barazani na sindano na njiti ya mnazi. Akatoa mzizi mmoja mmoja, mwembamba kama unywele. Siku ya kwanza kucha zikavunjika. Siku ya pili vidole vikatoka damu, na Mwanakheri akatoka ndani, akaweka kikombe cha uji kando yake, akarudi bila kusema. Siku ya nne kwale wa buluu akaonekana. Hakuna ufa, hakuna mkwaruzo.

Hivyo Mishi alilifungua, na bakuli likasalimika.

Wakakusanyika kaburini. Fundi Mzamili akapaka chokaa, akapachika bakuli, akalainisha chini yake mahali padogo pa kidole.

"Mwanakheri, chokaa haisubiri. Cha nani?"

Mabaharia wakamsukuma Shee mbele. Akasema kwa ile sauti yake, "Mama, mimi sina mama, wala mke, wala mtoto. Nikifa hakuna wa kunitaja Ijumaa. Nilikuwa na sauti tu, nayo nimeiacha baharini. Nakipenda kidole hicho, sifichi." Akafungua pindo la kikoi, akatoa choroko ile moja, akampa. "Lakini siwezi kumnyamazia bibi wa ng'ambo aliyelifunga. Alitoa mbegu za chakula chake kwa mtoto asiyemjua, na amesema nikwambie, naye anaye mmoja udongoni. Bila mizizi yake, maji yangu yangemwagilia vigae."

Mtu akasema, "Bibi huyo hata hajui kama limefika."

Mwingine akajibu, "Ndiyo maana atajwe! Nani mwingine atamtaja?"

Mishi akasogea. "Wifi, mimi ndiye niliyelivunja la kwanza. Nilimdanganya mtoto mpaka anakufa. Sidai ujira. Nataka nitajwe hapa nawe, kwa kuwa nyumbani hunitaji."

"Huyu naye!" mwanamke mmoja akafoka. "Aliyevunja ndiye apewe?"

"Nyundo ilikuwa mkononi mwangu," akasema Fundi Mzamili. "Asingepiga kelele, ningegonga."

Mwanakheri aliishika ile choroko kiganjani. Alimtazama Shee, midomo yake ina makovu. Alitazama vidole vya Mishi, vimefungwa vitambaa. Pembeni chokaa ilikwishaanza kuwa nyeupe. Alichovya vidole katika maji ili ailainishe tena, fundi akamshika mkono.

"Ukiongeza maji, Mwanakheri, itapasuka na bakuli litaanguka. Sema sasa."

Alikuwa na nafasi ndogo kama ukucha, na watu watatu.

Nyinyi mnaonisikiliza, msimwache mama huyo peke yake pale. Mwambieni. Abandike mbegu ya bibi wa ng'ambo aliyelifunga? Abonyeze Shee aliyelinywesha? Au abonyeze Mishi aliyelifungua? Je, kati ya hao, ni nani aliyestahili?