Mshono Katikati ya Mstari Mweupe

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Maana yake ni nyepesi kutamka: hakuna kizuri kilichojileta chenyewe, kila kimoja kina mikono iliyokihangaikia. Kazi iko kwenye kulikumbuka hilo ukiwa umechoka. Na mkutubi tunayemsimulia hapa alikuwa amechoka, tena amechoka hasa.

Kwa miezi kumi na mmoja baraza la mji lilikuwa limemtuma kuzunguka mitaani akiwafundisha watu historia ya bendera ya taifa. Alibeba bendera ndani ya mfuko wa plastiki, karatasi mbili za somo, na kumkokota mama yake mzazi, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na wa kumwachia. Mama alikuwa fundi cherehani mstaafu. Kila ukumbi alikaa safu ya nyuma, mkoba mapajani, akisinzia. Siku nyingine walikuja watu ishirini, siku nyingine wanne, na wawili kati yao wamekimbia mvua tu.

Siku hiyo mkutubi alikuwa na barua ya kujiuzulu. Angeiwasilisha jioni, na somo lizikwe. Ndiyo, lizikwe! Nani angelilia?

Ukumbini walikuwepo watu tisa. Akatundika bendera ukutani, akasoma kama kasuku: kijani ni ardhi, nyeusi ni watu, nyeupe ni amani.

"Samahani, dada," kinyozi wa mtaa akamkatiza. "Mbona hiyo amani yenyewe nyembamba hivyo? Kijani pana, nyeusi pana, amani kama kamba ya kiatu!"

Watu wakacheka. Mkutubi akapekua karatasi zake. Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. "Nadhani waliochora walipenda hivyo," akasema kwa unyonge.

"Kitambaa kiliisha," sauti ikasema kutoka nyuma.

Alikuwa mama yake. Usingizi wote umemtoka.

"Mama, tafadhali," mkutubi akanong'ona kwa aibu. "Niko kazini."

"Na mimi nilikuwa kazini. Mchoro tuliletewa alasiri, bendera ya uhuru ipandishwe alfajiri. Karakana yetu ilishona sare za shule: kijani tele, nyeusi tele, nyeupe hakuna. Mwenzangu akaleta mabaki ya makoti ya wauguzi, vipande viwili. Tukaviunga. Upana haukutosha, tukauacha hivyo hivyo. Baadaye wakaja waheshimiwa na futi zao, wakaipima kama ilivyo, wakaandika kuwa ndiyo sheria."

"Ah, mama! Unatudanganya mchana kweupe," kinyozi akasema.

"Haya, papasa katikati ya huo mstari."

Kinyozi akainuka, akapitisha kidole. Kicheko kikamkauka. Palikuwa na mshono. Bendera ile ilishonwa mwaka uliopita tu, na kitambaa cheupe siku hizi kimejaa madukani, lakini mafundi walikuwa bado wanaiga kielelezo cha zamani: wanakata kipande kizima katikati, kisha wanakiunga tena. Ukiwauliza sababu, wanakwambia ndivyo walivyofundishwa.

Watu wakapanga foleni kugusa. Mkutubi akamwendea mama yake. "Miaka yote hii, mbona hukuniambia?"

"Tuliambiwa tusiseme. Aibu, taifa zima kupungukiwa kitambaa! Nikazoea kunyamaza. Halafu, mwanangu, wewe uliniuliza lini?"

Swali hilo lilimchoma moyo. Miezi kumi na mmoja alikuwa akiwasomea wengine historia kutoka kwenye karatasi mbili, ilhali aliyeishona alikuwa akisinzia safu ya nyuma, na yeye alimhesabu kuwa mzigo. Alilia pale pale mbele ya watu tisa, wala hakujifuta.

Kisha akatoa ile barua, akaigeuza upande usio na maandishi, akaketi kando ya mama yake. "Tuanze upya. Huyo mwenzako aliyeleta makoti aliitwa nani?"

Mama akalitaja jina, taratibu, akaongeza mengine manne. Miguu ya mkutubi ilikuwa bado inauma, na kesho kulikuwa na mtaa mwingine wa kwenda. Akaandika majina yote matano, kisha akaongeza la mama yake likawa la sita, na hakuna aliyeondoka ukumbini hadi alipomaliza. Naam, ukiona vyaelea, vimeundwa.