Limekaa na Nani

"Usiulize neno ni nani, uliza limekaa na nani." Haya, cheka, Mbazi. Wewe uliyeuliza kwa dharau maneno haya yalitoka wapi ndiwe nitakayekuangalia mpaka mwisho. Methali hii ilianza hivi, huku huku kwetu Upare.

Namkunda aliitwa kwenye usaili wa chuo cha uuguzi, na usaili ulikuwa wa Kiingereza. Baba yake alishasema wazi: akishindwa mara hii, atabaki nyumbani, maana mdogo wake naye anangoja kusomeshwa. Uuguzi ndio uliokuwa roho ya yule binti. Basi akakamatana na kamusi, kila neno na maana yake moja, mpaka akafika kwenye 'take'. Loo! Maana zilijaza ukurasa, zikamwagikia wa pili.

Siku hiyo shangazi yake, Nakijwa, alikuwa anamwoza mwanawe. Nyumba imefurika, makande yanachemka, na Namkunda amejikunyata jikoni analia.

"Una nini tena? Moshi?" Nakijwa akauliza.

"Neno hili, shangazi! Mara kuchukua, mara kumeza, mara kupima. Lina wazimu. Bora niache."

Kabla hajajibiwa, sauti ikaita uani, "Wifi, chumvi iko wapi?" Nakijwa akajibu. Bibi harusi akachungulia kwa haya, "Mama mkwe, wanakutafuta." Akaitika. Mjukuu akamvuta kanga, "Bibi, maji!" Akampa.

Kisha akageuka, mwiko mkononi. "Mimi wangapi hapa?"

"Mmoja."

"Na majina yote hayo?"

"Si inategemea uko na nani? Ukiwa na mimi wewe ni shangazi, ukiwa na..." Namkunda akacheka, machozi yangali shavuni.

"Ehee! Mbona mimi huniiti mwendawazimu?" Nakijwa akasema. "Kiingereza sikijui, lakini ukoo naujua. Hebu koroga hapo, makande yanashika chini!"

Tangu hapo Namkunda akaacha kukariri neno likiwa peke yake. Alilisoma pamoja na wenzake.

Kwenye usaili, muuguzi mkuu, mama mkavu asiyetabasamu, akamtajia 'take' kando ya kidonge. Kumeza, akajibu. Kando ya joto la mgonjwa? Kupima. Kisha mama yule akaliweka kando ya zamu. Weee! Hilo Namkunda hakuwahi kukutana nalo. Akamkumbuka baba yake. Akajiuliza: limekaa na nani? Limekaa na zamu. Na watu wenye zamu hufanya nini?

"Kupokezana," akasema.

Yule mama akaweka kalamu chini. "Hilo umelisoma wapi?"

"Sijalisoma. Nimetazama limekaa na nani. Shangazi yangu ndiye aliyenifundisha."

Akachukuliwa. Kijiji kizima kikaanza kusema maneno yale, na mpaka leo hayajakoma.

Siku ya kuondoka, Namkunda alivaa viatu vipya, akawa anatembea kwa madaha. Nakijwa akamkumbatia kwa nguvu, akalia bila kujificha. Kisha akamwambia, "Huko wagonjwa watakuita sista, na uitike vizuri. Ila ukirudi hapa wewe ni mwanangu, na kuni zitakuwa zinakungoja."

Mbona hucheki sasa, Mbazi? Usiulize neno ni nani, uliza limekaa na nani.