Kusindikizana Kando ya Mto Kivesa

Wajukuu, niwape hadithi? Haya, sogeeni.

Zamani, zamani kabisa, milima ikiwa bado michanga na mbega wakiitikia salamu za wapita njia, palikuwa na mama aitwaye Naetwe. Mwanawe alikuwa Mbonea, na mke wa Mbonea alikuwa Nakijwa, binti wa ng'ambo ya msitu.

Siku moja Mbonea akamkaripia mkewe mbele ya wageni: "Tangu uingie nyumba hii, hata mbuzi wamekonda!" Wageni wakacheka. Kulipokucha Nakijwa akafunga furushi lake.

"Mama, narudi kwetu."

Naetwe akalitazama furushi. Akachukua fimbo yake. "Basi nikusindikize mpaka mto unapopinda."

Njia ile, wanangu, haichoshi. Tambarare, laini kwa majani makavu, mto kulia kwako, miti mikubwa kushoto. Wakaenda, wakaenda. Mama akamwonyesha mahali alipooga akiwa mwari, na matunda mekundu ya porini. Wakala, midomo ikawa myekundu. Naam, wote wawili! Mnacheka?

Walipofika mto unapopinda, mama akasema, "Aa, nikufikishe kivukoni."

Wakaenda, wakaenda. Kivukoni wakaagana. Nakijwa akageuka, akamwona yule mama anapapasa njia kwa fimbo. Kumbe macho yamefifia, na hakumwambia mtu!

"Mama, ngoja. Nikurudishe mpaka mto unapopinda."

Wakarudi, wakarudi. Walipofika, mama akasema, "Sasa wewe utakwenda peke yako msituni? Nikusindikize." Wakaenda tena kivukoni! Nakijwa naye, "Nikurudishe." Jua likapanda, likaanza kushuka, nao wanasindikizana tu.

Mwishowe Nakijwa akaketi kwenye jiwe, machozi yanamtoka. "Mama, kwa nini husemi tu nibaki?"

"Mwanangu, aliyeumizwa ni wewe. Kukuambia ubaki sina haki. Kukusindikiza ninayo."

Mara majani makavu yakachakarika. Mbonea huyo, anahema. "Mama! Tangu asubuhi nakutafuta!" Akamtazama mkewe, akainamisha kichwa. "Nakijwa, nilikuaibisha mbele za watu. Nitakiri kosa mbele za watu walewale."

"Walewale?"

"Walewale. Nyumba kwa nyumba."

Nakijwa akamtwika mumewe furushi, akamshika mama mkono. "Tangulia wewe. Sisi tutakuja polepole."

Na Mbonea alipita nyumba kwa nyumba, uso umemshuka, akisema, "Nilimkosea mke wangu." Hakuna aliyecheka.

Basi, wanangu, mtu akiondoka na uchungu, msimfokee wala msimfungie mlango. Tembeeni naye. Njiani moyo hupata nafasi ya kusema. Nakijwa aliishi pale mpaka akawa bibi, na Naetwe hakutembea tena peke yake.

Nimewafikisha hapo nilipofikishwa mimi. Anayetaka kuendelea, na aende kwa miguu yake.