Farasi Aliyebaki Sokoni

— Paukwa!
— Pakawa!
— Farasi!
— Mtandike!
— Njia!
— Ifunguke!
— Kwetu?
— Mbali!

Mmeitikia vizuri, ila nyie wa kule nyuma mmeitikia kama mliolazimishwa. Sogeeni. Hadithi hii haitaki kupigiwa kelele, maana mwenyewe aliyemo ndani yake ni mdogo, anaenea kwenye kikapu cha mayai, na ana jambo zito moyoni.

Hapo kale palikuwa na Bi Karunguyeye. Mnamjua: pua ndefu, miba mgongo mzima, miguu mifupi mpaka tumbo linafagia njia. Bi Karunguyeye alikuwa msusi. Hakusuka watu, alisuka farasi, katika soko la Dalali Kima, yule mwenye mkia mrefu na maneno marefu zaidi.

Kila siku ya kuamkia soko, Kima alileta farasi wake. Bi Karunguyeye huwapanda, kwaru, kwaru, kwaru, mpaka shingoni. Hapo huchomoa mwiba mmoja mgongoni mwake, akaufanya kitana, akachana, akasuka. Kwato akazitia hina. Macho akayatia wanja. Shingoni akavika shada la asumini, na miguuni njuga. Kwato yenye ufa aliiziba kwa nta, hina ikapita juu. Farasi akitoka mikononi mwake, utadhani anakwenda kuolewa yeye.

Wanunuzi waliona asumini. Bi Karunguyeye, kwa kuwa alilala juu ya mbavu zao akisuka, alijua yupi pumzi zake fupi, yupi goti lake bovu, na yupi mzima wa kweli. Hakuna aliyemuuliza.

Ujira wake ulikuwa chakula, na desturi moja ya soko: farasi atakayekosa mtu hadi jua linazama, huyo ni wa msusi. Desturi nzuri kuisikia, eh? Lakini miaka saba hakubaki hata mmoja. Kwa sababu gani? Kwa sababu ya Bwana Chui.

Bwana Chui alichagua wa kwanza, maana hapakuwa na wa kumwambia apange foleni. Mmoja alimnunua wa kupanda. Halafu akawatazama waliobaki, akajilamba midomo, akasema:

"Na hao wengine nifungieni."

Aliwanunua kitoweo. Kila soko hivyo hivyo. Mmoja wa kupanda, na hao wengine nifungieni.

Sasa mtaniuliza, kanyama kama kale kanataka farasi wa nini? Alitaka kwenda kwao.

Kwao ni Mihogoni, ng'ambo ya nyika. Alikuja sokoni akiwa binti, ndani ya tenga la chumvi mgongoni mwa ngamia, akamwambia mama yake, "Nakwenda na kurudi." Ngamia yule hakupita tena njia ile. Na nyika, kwa miguu ya karunguyeye, haivukiki. Kiu ingemmaliza kabla hajafika nusu. Basi akabaki. Siku zikawa miaka. Alisuka huku amewapa watu mgongo, miba yake imesimama mchana kutwa, maana sokoni hakuna unayeweza kumlazia miba.

Kilichomtesa zaidi ni kumbikumbi. Mihogoni mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi hutoka ardhini, pururu, pururu, pururu, wanajaa hewani. Mama yake huwakinga kwa ungo, akawakaanga kwa mafuta yao wenyewe, nyumba nzima ikanukia. Mtu yeyote sokoni akikaanga chochote, hata vitunguu, Bi Karunguyeye aliacha kusuka. Alikaa tu, pua juu. Alikuwa anatamani kwao, basi, hakuna neno jingine la kulisema.

Mwaka huo akaja Mbayuwayu, akatua juu ya kamba ya farasi.

"Bi Karunguyeye, mama yako anakusalimu."

"Salamu zake zimefika. Hajambo?"

"Anasema macho yake yameingia giza. Hata ukienda, hatakuona tena. Lakini mikono anasema bado anayo. Anasema uende akakushike."

Bi Karunguyeye akaweka kitana chini.

"Na mvua?"

"Nimeiacha nyuma yangu. Ikishuka, nyika ni tope tupu. Haipitiki miezi minne."

"Mama ataweza kungoja miezi minne?"

Mbayuwayu akajifanya anajichokora bawa. Bi Karunguyeye akaelewa, akamwambia asante, mwanangu, nenda salama.

Na soko lilikuwa kesho, la mwisho kabla ya mvua. Farasi walikuwa watatu. Wa kwanza Tausi, mweupe, shingo ya upinde, lakini hatua mia tu anaishiwa pumzi, na kwato yake ya mbele ina ufa. Wa pili Shaba, mwekundu, mzima kiasi. Wa tatu Jivu, farasi jike wa kijivu, mzuri kwa sura, na kifua chake, Bi Karunguyeye alipoulaza mwili wake pale, kilivuta hewa taratibu kama mtu aliyelala. Mzima kabisa. Tena Jivu alikuwa na jambo moja: kila alasiri upepo ulipovuma kutoka nyika, aligeuza uso upande ule, masikio mbele, akasimama asile wala asinywe.

"Na wewe?" Bi Karunguyeye akamnong'oneza. "Na wewe ni wa kule?"

Jivu akatoa pumzi ndefu, fuuuu.

"Basi nisamehe kwa nitakayokutenda. Nataka nikufanye mbaya."

Akafanya kazi. Tausi akamsuka mikia saba ya nywele, akamtia hina mpaka magotini, asumini mashada matatu, njuga kila mguu. Nta akaipiga juu ya ufa tabaka kwa tabaka. Shaba akamsuka kawaida. Jivu akampaka tope lililooza la pale pa kunyweshea farasi. Akamtia mbegu za nyasi zenye kunata kwenye mkia, akamsuka nywele zikaelekea kila upande, akampaka wanja kwenye pua badala ya macho.

Dalali Kima alipofika asubuhi akashika kichwa.

"Bi Karunguyeye! Umeniua! Huyu ni farasi au ni jalala?"

"Dalali, wewe umewahi kuona bibi harusi akaketi kati ya wazuri wenzake?"

"Sijaona."

"Huketishwa pamoja na nani?"

"Na… na mashangazi."

"Basi huyu ni shangazi. Tausi aking'aa, bei si inapanda?"

Kima akamtazama Tausi, akamtazama Jivu, akacheka mpaka mkia ukajikunja. "Wewe mwanamke una akili za kibiashara," akasema. Akaenda zake kunadi.

Jua likishuka, Bwana Chui akaja, maana kabla yake hakuna aliyethubutu kununua. Nyata, nyata, nyata. Manyoya yake ameyapaka mafuta, kila doa linang'aa. Alikuwa anatafuta farasi wa kuingilia kwenye ngoma ya mfalme, watu wamwone.

"Huyu je?"

"Tausi huyo, Bwana," akasema Kima. "Tembea, Tausi!"

Tausi akatembea. Chaki, chaki, chaki! Hatua kumi tu. Bi Karunguyeye alikuwa amemfunga kamba fupi. Asumini ikanukia soko zima. Chui hakutazama meno, hakuinua kwato, hakuuliza anakimbiaje. Alisogea karibu, akaweka uso wake kando ya uso wa Tausi, akamgeukia Kima.

"Tunapendezana?"

"Mmezaliwa pamoja, Bwana!"

"Huyu wa kupanda. Yule mwekundu mfungeni, kitoweo. Na yule…" Akanyoosha kidole, kikasita. "Yule ni nini?"

Hapo Bi Karunguyeye alikuwa amempaka Jivu pilipili manga kidogo puani.

"Chyaa!" akapiga chafya Jivu. "Chyaa! Chyaa!"

"Ana mafua tu, Bwana," akasema Bi Karunguyeye kwa sauti ya huruma. "Mwenzake naye alianza na mafua."

"Mwenzake yuko wapi?"

"Amepumzika, Bwana."

Chui akarudi nyuma hatua mbili. Bi Karunguyeye akalitazama jua. Lilikuwa limeshagusa vichaka. Bado kidogo, moyo wake ukasema, bado kidogo tu. Lakini Kima, mdomo wake haukujua kukaa kimya.

"Bwana Chui, mchukue bure! Nyongeza! Asinichafulie soko!"

Bure! Mnamjua mlafi akisikia bure. Macho ya Chui yakapanuka, masikio yakasimama, mafua akayasahau.

"Bure kabisa? Hata ngozi tu… Haya, nifungieni."

Miba ya Bi Karunguyeye ikasimama yote. Akamwona mama yake amekaa kizingitini, mikono mapajani, anasikiliza njia. Akataka kulia. Badala yake akapiga makofi.

"Vizuri sana, Bwana Chui! Mchukue! Tena usimwache nyuma, mfunge ubavuni mwa Tausi. Mkipita mbele ya watu wakiuliza, farasi yule mwenye tope ni wa nani, nitawajibu mwenyewe kwa sauti: ni wa Bwana Chui! Kamchagua mwenyewe! Chyaa yake, chyaa ya Bwana Chui!"

Soko likacheka. Swala akacheka, Ngiri akacheka, hata Shaba na kamba yake shingoni akaonyesha meno. Chui akajitazama mafuta yake, akalitazama tope lile.

"Asinikaribie!" akanguruma. "Simjui! Sijapata kumwona! Mtu asinitajie farasi yule!"

Akarukia mgongoni mwa Tausi, akamvuta Shaba kwa kamba, akaondoka. Chaki, chaki, chaki. Na jua likazama, dii.

"Dalali," akasema Bi Karunguyeye. "Huyu amekosa mtu."

"Mchukue, mchukue, uende naye mbali."

"Mbali ndiko niendako," akasema, naye hakuwa anatania.

Kwaru, kwaru, kwaru, akapanda shingoni, akajisukia kiti katikati ya nywele za Jivu. Hakushika hatamu wala hakusema nenda. Jivu akageuza uso upande wa upepo, masikio mbele, na ardhi ikaanza kulia chini yao: kuputu, kuputu, kuputu!

Walikuwa hawajafika mbali, tone la kwanza likaanguka. Ta. La pili. Ta. Halafu mvua ikaja yote kwa pamoja, ikamwosha Jivu tope, mbegu za nyasi, wanja na pilipili. Akawa anang'aa kama sahani ya bati.

Na Bwana Chui, kule pembezoni mwa nyika, akageuka akamwona.

"Nimeibiwa! Tausi, mbio!"

Tausi akakimbia. Lo, akipendeza! Hatua kumi, hatua hamsini, hatua mia. Nta ikatoka, hina ikatiririka, ufa ukaonekana, na Tausi akalala chini, puu! na Chui juu yake, na Shaba akakata kamba akapotelea vichakani. Chui akasimama afuate kwa miguu yake mwenyewe. Akakanyaga tope. Akaliinua kucha lake, akalitazama lilivyochafuka. Akalitazama tope lililobaki mbele yake, nyika nzima. Akarudi.

Kuputu, kuputu, kuputu. Nyuma yao tope lilifunga njia, mbele yao ardhi ndiyo kwanza inalowa. Bi Karunguyeye alifumba macho, akahesabu harufu: chumvi, majani ya mkunde, moshi wa kuni za mgunga. Kisha harufu moja ikamjia akafumbua macho. Mafuta. Kumbikumbi.

Jivu akasimama bila kuambiwa. Mama alikuwa kizingitini, mdogo kuliko alivyokuwa, macho meupe.

"Nani huyo mwenye farasi?"

"Ni mimi, mama. Nilikwenda, nimerudi."

Mama akaigeukia sauti. Akanyoosha mikono, na Bi Karunguyeye akatembea mpaka chini yake, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya tenga la chumvi akalaza miba yake yote, mmoja mmoja, mpaka mgongo ukawa laini. Mama akampapasa kuanzia puani hadi mkiani, akarudia tena.

"Umekonda," akasema.

"Mama, laiti ungemwona farasi wangu! Ni mzuri huyo, shingo yake…"

Mama akapapasa mguu wa Jivu, ukiwa bado wa moto kwa mbio, tope hadi gotini.

"Kwani ndiye aliyekuleta?"

"Ndiye."

"Basi mbona unanieleza shingo? Mpe maji. Kisha mje mle, wasipoe."

Na Tausi je? Msimhurumie. Chui hakumla, aliogopa kuharibu zile nywele. Alimweka uani amtazame, akimkatia majani mwenyewe, akimtekea maji mwenyewe, na ngomani alikwenda kwa miguu.

Basi, wanangu, somo ni hili. Siku ya kununua farasi, tazameni sura. Tazameni asumini na hina, sikilizeni njuga. Msipapase mbavu, ni utovu wa adabu. Msiulize anakimbiaje. Na mkimwona mmoja kakaa peke yake, ana tope, anapiga chafya, uso kaugeuza upande wa upepo, huyo si farasi, msimguse.

Niachieni mimi. Na mimi nina mama.

— Farasi!
— Mtandue!
— Njia!
— Ifungike!
— Kwetu?

Mbona mmenyamaza? Haya, hadithi nimeitua hapo. Aliyeipenda aibebe.